Vifaranga wa Zambarau

Mwezi wa nane uliopita nilikwenda Ruashi kuwapiga picha mwewe, kama ninavyofanya kila kiangazi. Wanarudi nyasi zinapochomwa, wakifuata moshi ili waokote panzi na panya wanaoukimbia moto. Kamera yangu ilikuwa imeelekea juu nilipomwona, katika ua wa nyumba mpya ya matofali, mwanamke akiwapaka vifaranga rangi ya waridi, mmoja mmoja, akiwapuliza wakauke. Nilishusha kamera. Unanijua, si kawaida yangu kuondoka mahali bila picha.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na hapo, zamani Ruashi ilipokuwa mwisho wa mji, na mji wenyewe ukiitwa Elisabethville. Nililelewa na bibi yangu, nkambo kama tunavyosema kwetu. Asubuhi nilifagia ua, nikachota maji bombani, nikala kiazi kitamu kilichopashwa kwenye majivu, ndipo nikawafungulia kuku. Kuku wa nkambo walijulikana avenyu nzima kwa sababu vifaranga wao walikuwa wa zambarau. Aliwapaka dawa ile ya vidonda, aliyopewa zahanati katika chupa ndogo. Kidole chake cha shahada hakikuwahi kutakata.

“Mwewe anatafuta kile anajua,” alikuwa akisema. “Kile hajui, anakiogopa.”

Na kweli, majirani waliwalilia vifaranga wao kila wiki, lakini wa kwetu sikuona hata mmoja akichukuliwa.

Upande wa bombani aliishi mpiga picha, mtu wa Kasai, pamoja na mkewe. Jumapili baada ya misa watu walisimama mbele ya shuka lake jeupe wakiwa wamevaa vizuri, wasithubutu kucheka. Hiyo ilikuwa kazi yake. Mapenzi yake yalikuwa ndege wawindaji. Alinunua vipande vya mapafu ya ng'ombe sokoni, akavirusha hewani. Mwewe akashuka, akadaka kwa kucha, akala huku akiruka. Filimu ilikuwa na picha kumi na mbili tu, na mara nyingi zote zilitoka mkia mtupu.

“Papa, leo tena umeleta mukia?” nkambo alimtania.

“Mama, mukia njo mwanzo. Kesho nitapata kichwa.”

“Kesho! Kipanga anakula mapafu, miye ninakula matembele. Afazali ningezaliwa kipanga.”

Mimi nilikuwa mwandishi wa mpiga picha. Alinipa daftari, nikawa naandika saa, upepo, na umbo la mkia: uliogawanyika ni mwewe, ulio mviringo huenda ni tai. Nilipotaka kuandika kwamba mwewe fulani alikuwa na hasira, alinizuia. “Andika kile unaona. Kile unawaza, kiache kwanza.” Nimeishi kwa neno hilo hadi leo.

Kisha Katanga, jimbo letu, ikajitenga na Kongo, na watu tuliochota nao maji bomba moja wakaanza kuitwa wageni. Vijana wenye marungu na minyororo ya baiskeli walipita avenyu kwa avenyu wakitafuta nyumba za Wakasai, wawafukuze. Kwetu walipita mara mbili. Mara ya pili nilikuwa uani.

“Mama, hapa kuko Bakasai?”

“Hapa kuko kuku na miye,” nkambo akajibu bila kuinua kichwa. “Munataka gani?”

Walicheka, wakaenda. Muuza makaa aliwaambia hajui. Mama wa nyumba ya kona aliwaambia hajui. Hakuna aliyenyoosha kidole, na nyumba ya mpiga picha, mlango wake wa mbao usio na rangi kama milango yetu yote, ilibaki imefungwa mchana kutwa. Jioni moja nilimsikia nkambo akinong'ona na mama wa kona: “Batu ba hapa banafanya yote banaweza. Sasa Mungu tu njo atabaficha.”

Mimi niliona kuna jambo moja ambalo bado halijafanywa.

Jumapili, nkambo na karibu avenyu nzima wakiwa kanisani, nilichukua chupa ya dawa ya vifaranga na kitambaa. Niliupaka mlango wa mpiga picha, miimo yake, na dirisha hadi mkono wangu ulipofika. Nilifanya kazi kwa uangalifu, nisiache pengo. Halafu nikaandika: saa tatu na nusu, hakuna upepo, mlango umekwisha.

Vijana walirudi kabla ya misa kutoka. Walisimama katikati ya avenyu.

“Ee, angalia! Banatuwekea alama!”

“Nyumba njo hii! Merci, ba jirani!”

Niliona yote kutoka nyuma ya banda la kuku. Mlango ulivunjwa kwa mateke matatu. Kamera ilipigwa ukutani. Picha zilitupwa nje: maharusi, watoto wachanga, mikia. Mpiga picha alitoka akivuja damu kwenye paji la uso, akamfunga mkewe jeraha la kichwa kwa kitambaa, akapakia godoro kwenye baiskeli. Waliamriwa waende kambini, walikokusanyika Wakasai wengine.

Alipofika kwetu alisimama. Mikono yangu nilikuwa nimeisugua kwa majivu hadi ikauma, na haikutakata. Aliitazama, akautazama mlango wake, akainama.

“Hii njo dawa ya nkambo?”

Nilitikisa kichwa kukubali. Aliuvuta upande wa kitenge changu, akaifunika mikono, akafunga fundo.

“Ficha mikono, mama. Bakiuliza, haukuona kintu.”

Baadaye tulisikia walipanda treni ya kwenda Kasai. Zaidi ya hapo sijui.

Avenyu ilimshuku muuza makaa, ambaye Jumapili ile hakwenda kanisani. Watu waliacha kununua kwake, mpaka akahama. Siku aliyohama niliendelea kufagia ua. Nkambo aliikuta chupa tupu, akaniona wiki nzima nimeficha mikono kwenye kitenge. Hakupaka vifaranga tena. Kiangazi kile mwewe walichukua tisa, na yeye akakaa kwenye kigoda akiwatazama, bila kupiga kelele, bila kuokota jiwe. Niliwaandika wote tisa.

Bomba lile halipo, mikaratusi iliyokuwa kando yake ilikatwa, na avenyu ile huwezi kuitambua. Imebaki picha moja ambayo mpiga picha alimpa nkambo kabla ya mambo hayo: nimeshika kifaranga, na kivuli cha mwewe kiko chini mbele ya miguu yangu. Ni picha ya nyeusi na nyeupe. Rangi ya kifaranga haijulikani.

Siku ile ya Ruashi, yule mwanamke alimaliza vifaranga wake, akaniona bado nimesimama langoni.

“Mama,” aliniuliza, “mikono inakuuma?”

Nilitazama chini. Nilikuwa nimeifunga ndani ya kitenge.