Kengele Moja, Kengele Mbili

Saa mbili asubuhi imeshapita, na Mama Kengele ameiweka simu mezani, kioo kikitazama juu. Chai inapoa. Anajifanya anasoma barua za kazi, lakini roho yake yote iko kwenye ile simu.

Mama huyu hutunza hifadhidata ya shirika la maji lenye vituo kumi na vinne. Mfanyakazi yeyote anapoandika jina lake na neno la siri kwenye kompyuta, amri aliyoiandika yeye inaamka yenyewe na kurekodi nani kaingia, saa ngapi, kutoka kituo kipi. Akiingia mtu asiyetarajiwa, simu yake hulia kengele. Wenzake hawakuhangaika kumtafutia jina jingine.

Kengele moja, hata hivyo, hailindi chochote. Hulia anapoingia karani wa kituo cha kumi na nne, safari ya siku mbili, ambako simu hazishiki na mtandao wa kituo hupitisha takwimu za maji tu. Karani huyo ni mume wake. Mwaka wa tatu sasa, na likizo ni mara moja kwa mwaka.

"Ikilia, najua baba watoto kaamka mzima, kavaa shati, kakaa kitini," anasema. "Siku akiwa na furaha anaingia, anatoka, anaingia tena. Kengele mbili. Hapo nacheka peke yangu kama chizi."

Mwaka jana nusura kengele hiyo imfukuzishe kazi. Aliukosea mstari mmoja wa amri ile, na amri ya mlangoni ikikwama, hakuna anayepita. Wafanyakazi mia mbili walifungiwa nje ya mfumo kwa dakika arobaini, yeye mwenyewe akiwemo. Alipofanikiwa kuingia kupitia njia ya dharura, mkuu wake alikuwa amesimama nyuma yake, akausoma mstari wenye kosa. Ulikuwa ule unaoliza kengele mumewe anapoingia.

Alishaanza kukusanya vitu vyake mezani. Mkuu akamwambia aurekebishe vizuri, asije akawafungia nje tena. Hajaligusia jambo hilo hadi leo.

Mumewe ameomba mara tatu kuhamishiwa ofisi hii. Mara mbili amekataliwa. Jibu la tatu atapelekewa mwenyewe kituoni, na gari linalokwenda huko mara moja kwa mwezi. Likizo iliyopita walikubaliana: akikubaliwa, ataingia mara tatu mfululizo. Gari lilitarajiwa kufika jana.

Saa mbili na dakika ishirini simu inalia. Mama Kengele anainua kidole kuomba kimya. Dakika inapita, kisha nyingine.

"Moja," anasema taratibu. "Basi, mzima."

Anakunywa chai iliyopoa na kusema njia ya kule ni mbovu, huenda gari limekwama, huenda litafika kesho. Anakiri kwamba amechoka kumpenda mtu kwa mlio wa simu. Ila jambo moja ameshalipanga, na analisema akitazama meza tupu iliyo upande wa pili wa ukuta wa kioo.

"Zikilia tatu, ule mstari nitaufuta kwa mkono wangu. Akikaa pale, kengele ya nini? Nitamsikia akikohoa."