Darubini Mbili na Shamba la Mama Mkwe

Mjomba wangu alianza kuitamani darubini ya bunduki siku alipompiga risasi baba mkwe wake, mtu aliyekuwa amezikwa zamani.

Lilikuwa koti tu. Mama mkwe wake alikuwa amelivika sanamu la kutishia ndege katikati ya shamba lake la karanga, kule Ntalikwa, na ngiri waliokuja kufukua karanga hizo walisimama karibu nalo kama wageni wanaosalimiana na mwenyeji. Mjomba alimlenga ngiri. Risasi ikapita kifuani mwa koti, chini kidogo ya mfuko ambao marehemu alikuwa akiwekea ugoro. Ngiri waliinua mikia juu, wima kama antena za redio, wakaondoka kwa mwendo wa watu waliomaliza kula.

Kesho yake bibi alinituma kwa mjomba. Namwita bibi ingawa si mama wa mama yangu. Mama wa mke wa mjomba wako ni bibi yako, na ana haki zote za kukutania. "Mwambie mkwe wangu," alisema, "mume wangu alikufa kwa homa. Haikuwa lazima amuue tena."

Nilipeleka ujumbe huo umbali wa kutoka jikoni hadi nyuma ya ghala, maana mjomba alikuwa amesimama pale pale na alisikia kila neno. Lakini ilibidi niupeleke. Kwetu Unyamwezini mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia porini, hata kama porini pana miiba, na anasubiri huko mpaka kanga ya mama mkwe ipite. Hawali mmoja mbele ya macho ya mwenzake. Wakitaka kusemeshana wanatafuta mtu wa katikati, na mtu akikosekana watasemesha kuku. Niliwahi kumsikia bibi akimweleza jogoo, kwa upole na kwa urefu, kwamba paa la jiko linavuja na kwamba mvua hazina simile. Jioni yake mjomba alipanda juu ya jiko na mzigo wa nyasi, bibi alipokwenda kisimani. Watu huwa wanadhani huo ni uadui. Mimi nimeona ndoa nyingi zenye maneno mengi na upendo mchache kuliko ule wa ghalani na jikoni.

Taabu ilikuwa shamba lenyewe. Limekaa ukingoni mwa mbuga, wazi kama kiganja, na bibi huwamo tangu alfajiri akipalilia. Mwindaji mwingine angekaa kivulini kando ya matuta, akasubiri ngiri watoke kwenye nyasi, akamaliza kazi. Mjomba hakuweza kukaa hapo, maana angekaa mbele ya mama mkwe wake. Ilimbidi avuke mbuga yote, akae juu ya kichuguu upande wa pili, alenge kutoka huko kwa vile vyuma viwili vidogo vya kulengea, kimoja karibu na jicho na kimoja mwisho wa mtutu. Kibali cha kuwapiga ngiri waharibifu alikuwa nacho. Macho ya ujana ndiyo hakuwa nayo tena. Alisema siku hizi kile chuma cha mbele kinaota ukungu.

Halafu bibi akatoa neno la mwisho, na safari hii hakumwambia jogoo. Aliniambia mimi, taratibu, akipepeta karanga: ngiri wakiyamaliza na matuta yaliyobaki, atamwita mtoto wa dada yake kutoka Lusu. Yule kijana ana bunduki, na Nzega nzima wanamsifu kwamba hakosi.

Mjomba aliposikia hivyo aliketi chini. Katika ukoo wetu hilo halikuwa suala la ngiri. Shamba la mama mkwe wako likilindwa na bunduki ya mtu mwingine, ni kama watu wamesema binti yake aliolewa na kivuli. Mke wake angetaniwa kisimani. Yeye angetaniwa misibani, na huko utani hauna huruma, kwani mtani wako ana ruhusa ya kulala kaburini mwako kabla yako akidai limechimbwa fupi.

Kwa hiyo tukaenda mjini kutafuta darubini.

Muuza vifaa vya uwindaji ni mzee wa mjini hasa, wa zile nyumba zenye milango mizito karibu na njia ya zamani ya misafara. Anasema babu yake aliwauzia wapagazi viatu, na wapagazi wakavining'iniza shingoni ili visichakae. Tulimwamkia, akaitikia, akaagiza kahawa, akauliza habari za nyumba zetu mpaka zikaisha. Ndipo akauliza shida yetu. Mjomba akasema anataka darubini ya kupigia ngiri, na mzee akashusha kikombe. "Usimtaje jina, sema mnyama yule," alisema. "Nimetoka kuswali sasa hivi."

Alituwekea darubini mbili juu ya kitambaa cha kijani. Ya kwanza ilikuwa ndefu na nene, yenye jicho la mbele kubwa kama kisahani cha chai, na ilivuta vitu mara ishirini. Ya pili ilikuwa fupi, nyeusi, haina maringo. Ukizungusha shingo yake ilivuta kutoka mara moja hadi mara nne, basi. Mjomba aliipenda ile kubwa kabla hajaigusa. Niliona. Kuna wanaume hutazama hivyo baiskeli mpya, na ng'ombe wa wenzao.

Mzee alisema darubini ya kuaminika haijulikani kwa ukubwa wa jicho, kama vile mume hajulikani kwa ukubwa wa kanzu. Akaleta ndoo ya maji, akazizamisha zote mbili, nasi tukainama kutazama kama kuna kipovu kitakachopanda. Hakikupanda. Akazilaza ndani ya friji katikati ya chupa za soda, tukanywa kahawa nyingine, kisha akazitoa juani ghafla na kutupa tutazame kama vioo vimeota ukungu kwa ndani. Havikuota. Akatufundisha kwamba cha kwanza ni darubini ishike shabaha: ukishailinganisha na mtutu leo, uibebe juu ya pikipiki mpaka Tura na kurudi, ikirudi iwe bado inaonyesha pale pale. Cha pili ni namna inavyokunywa mwanga wa magharibi, saa ambayo mnyama yule anapenda kutembea. Cha tatu ni nafasi ya jicho, kwa sababu bunduki inapiga teke, na darubini inayotaka jicho likae karibu itakubusu.

"Sasa wewe," akamuuliza mjomba, "unawinda mnyama au unawinda mwezi?"

Mjomba akajibu kwamba anawinda kutoka mbali. Mzee akauliza mbali kwa nini, wakati nyika yetu imejaa vichaka na mtu hawezi kuona mita mia bila tawi la mninga kumzuia. Mjomba akatazama mlangoni. Mimi ndiye niliyesema: kuna mama mkwe. Mzee aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akacheka mpaka kofia ikasogea, akafunga zote mbili kwenye gazeti. Alisema tuzijaribu shambani, turudishe itakayoshindwa. Kuhusu mistari ile miwili inayokatana ndani ya kioo alituonya kwamba wengine huiita msalaba, ila dukani kwake ni alama ya kujumlisha.

Tulianza na ile kubwa. Mjomba aliifunga juu ya bunduki, akaenda kwenye shimo la zamani la kuchimbia kokoto, akalenga debe. Debe lilipata tundu, na mjomba akapata lake. Darubini ilimbusu kama mzee alivyosema, ikamwachia mwezi mwandamo mwekundu juu ya nyusi. Mke wake alimwosha kwa maji ya chumvi bila kuuliza neno, na hilo lilimuuma zaidi. Mjomba akasema kosa ni la bunduki.

Jioni alipanda kichuguu chake. Huwa ana sharti moja halivunji: mtutu hautazami mahali ambapo hajaamua kupiga. Basi aliifungua darubini, akaiacha bunduki kwenye nyasi bila risasi, akalishika lile bomba kwa mikono miwili na kulielekeza shambani ili aone tu litamwonyesha nini. Nilikuwa nimekaa chini yake nikila michembe, vile viazi vitamu vikavu. Jua lilikuwa limelala juu ya mbuga, nyasi zote zimegeuka rangi ya asali, na ng'ambo ile mtu alionekana mdogo kama punje.

Mjomba alisema anaona matuta. Akasema anaona majani ya karanga, jani moja moja, na mdudu juu ya jani. Akasogeza kidogo. Halafu bomba likasimama.

Alikuwa amemwona mama mkwe wake. Si punje. Alimwona uso mzima, akiwa ameinua kichwa kufuta jasho: chale za utotoni kwenye paji, pengo la jino la mbele, jicho la kushoto lenye maji. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa ameyakwepa macho yale kwa kuingia miibani, na sasa yalikuwa mbele ya pua yake. Mjomba aliachia darubini, akaweka viganja usoni, akarudi nyuma, na kichuguu hakina nyuma. Alinipita akiteremka. Darubini ikamfuata.

"Ameniona?" aliniuliza kutoka kwenye nyasi.

Nilisema sijui. Lakini ng'ambo ile bibi alikuwa amesimama ameshika kiuno, anatazama kwetu. Kioo kile kikubwa kilikuwa kimelikamata jua na kulitupa usoni pake.

Jioni ile mjomba hakula. Alijiuliza kama kuona kwa kioo ni kuona. Mke wake alifikiri huenda ni kama kuota, na mtu hatozwi mbuzi kwa ndoto. Jirani aliyepita akasema inategemea kioo kinavuta mara ngapi. Mjomba alisema asubuhi atazirudisha zote mbili mjini, na kijana wa Lusu aitwe tu, kwani hana uso tena wa kulinda shamba la mtu ambaye yeye amemvunjia heshima.

Asubuhi, kabla hajafunga mzigo, bibi aliniita shambani. Aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, "Mke mwenzangu, leta hilo dude lililonimulika." Nikaleta yote mawili. Akauliza mkwe wake yuko wapi. Nikamwonyesha kichuguu, na mjomba amejibanza kando yake, bega moja nje. Bibi akaiinua ile kubwa kwanza. Nilimsaidia kuishika. Mara akapiga ukelele mdogo, akajifunika kanga usoni na kuisukuma mikononi mwangu.

"Kitu gani hiki hakina adabu," alisema. "Kimemleta mpaka kifuani pangu. Na nani kamkata juu ya jicho?"

Nilimweleza. Akacheka ndani ya kanga. Kisha akaomba ile fupi. Akaizungusha shingo kama anavyofungua chupa ya mafuta, akatazama, akatulia. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mbayuwayu walipita chini juu ya matuta, na yeye hakusogea.

"Kumbe ameota mvi," alisema mwishowe. "Nilimwoza binti yangu kwa kijana."

Alinirudishia darubini na kupangusa jicho lake la maji. Halafu akaniambia maneno ya kupeleka, na haya niliyapeleka nikikimbia katikati ya mbuga. "Mwambie afunge hiki kidogo. Hiki kinajua heshima. Yeye yuko kwake na mimi niko kwangu. Na kama kwa hiki hafiki kutoka kule, asogee. Akae pale penye mninga, ukingoni. Mimi nitapalilia nikimpa mgongo."

Mjomba alinifanya nirudie mara mbili. Pale penye mninga ni pua na mdomo na shamba. Hajawahi kuwekwa karibu hivyo na mtu yule tangu alipopeleka mahari.

Aliifunga ile fupi. Aliilinganisha na mtutu kule shimoni, risasi tatu, zote zikaingia mahali ambapo ungeweza kufunika kwa kikombe, na nyusi zake zikabaki salama. Akaibeba kwenye pikipiki kwenda mjini na kurudi kwenye njia yetu yenye mashimo, akairudisha ile kubwa huko huko, na alipolenga tena debe likatoboka pale pale. Mzee wa mjini aliuliza nani aliyechagua. Mjomba alisema ni yeye mwenyewe.

Ngiri walikuja siku ya tatu, jua likiwa linashuka. Mjomba alikuwa chini ya mninga. Bibi alikuwa mwisho kabisa wa shamba, upande ambao mtutu hautazami, amekaa chini akimpa mgongo kama walivyokubaliana, na mimi kando yake. Dume lilitoka kwenye nyasi likapiga magoti, kama ngiri afanyavyo anapokula. Nilimwona mjomba akizungusha kile kishingo nyuma mpaka kwenye mara moja, ya chini kabisa, maana mnyama alikuwa karibu. Mlio ulikwenda mpaka mbugani ukarudi. Dume halikuinuka. Wengine walipotea na mikia yao.

Majirani wanaokula nyama ile walikuja na mapanga na tenga, wengine wakasimama kwa mbali wakishukuru kwa niaba ya karanga. Bibi aliinuka. Hakugeuka. Alitazama matuta yake yaliyobaki na akasema kwa sauti ya wazi, si kwangu wala si kwa kuku:

"Asante, baba."

Wenye mapanga waliacha kukata. Bibi mwenyewe alishtuka, akaushika mdomo wake. Akanigeukia haraka, akaniambia nimwambie mkwe wake kwamba amesema asante.

Nikatembea mpaka kwenye mninga nikamwambia. Mjomba alikuwa ametazama chini, anafuta kioo kile kidogo kwa ncha ya shati, anafuta tu.

"Mwambie sikusikia, kulikuwa na upepo," alisema. "Lakini mwambie nimeitika."