Dalgite na Waliokodi Msitu

Dalgite alikulia kwenye maziwa ya ng'ombe wa watu. Huku Wolaita desturi hiyo huitwa hara: unampa jirani ng'ombe wako amfuge, maziwa anywe yeye, ndama mnagawana, lakini siku ukimtaka ng'ombe wako unakwenda kumchukua, na hakuna wa kukununia.

Basi Tamirat, afisa wa mradi wa msitu, alipopanda kilimani na mkataba mpya, Dalgite alimsikiliza kama anayesikiliza habari za ng'ombe. Wanakijiji ndio walioipanda miti ile. Kampuni ya ng'ambo ililipia moshi wake unaofyonzwa na miti, ikapewa vyeti vya kuthibitisha hilo, lakini vya muda tu, maana msitu unaweza kuungua. Kwa hiyo bei ilikuwa ya chini. Vyeti hivyo vilikwisha muda jana. Sasa kampuni inataka vingine kwa bei ileile na sharti lilelile: mti usiguswe. Na mwanawe Dalgite anaoa, nyumba haina nguzo hata moja!

"Weka dole gumba, shemeji, kahawa inapoa," alisema mwenyekiti Anjulo.

"Ipoe. Tamirat mwanangu, tukikataa?"

"Mnunuzi ataondoka, mama."

"Na vyeti vyake vilivyokufa?"

Tamirat akajikuna shingo. "Vilivyokwisha muda lazima avifidie, kwa hiyo itabidi anunue vingine kwingine. Vya kudumu."

"Kwa bei hii?"

"Hapana. Vile ni ghali."

Wanakijiji waliokuja kusikiliza wakaangua kicheko.

"Kumbe!" alisema Dalgite. "Miaka yote anakunywa maziwa, leo anatuambia ng'ombe hana thamani kwa kuwa iko siku atakufa!"

"Anaweza kupata kijiji kingine, mama."

"Kina miti mikubwa, au ndiyo kwanza wanachimba mashimo?"

"Vingi ndiyo kwanza vinachimba," Tamirat alikiri.

"Utatuponza wewe mwanamke," Anjulo alinong'ona. "Tukikosa vyote?"

"Tutabaki na msitu. Kabla yake tulikuwa na nini hapa? Mawe!"

Dalgite akachukua panga, akaingia msituni, akachagua mti uliobanwa na wenzake, akaanza kuukata. Kila pigo lilisikika mpaka pale penye vikombe vya kahawa.

"Mama! Nitawaambia nini?" Tamirat alipaza sauti.

"Waambie wenye miti wanajenga. Wakitaka tuache, waje na bei ya maana!"

Anjulo akaangalia karatasi, akaangalia msitu. Akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati, akamfuata.

"Kata chini zaidi, shemeji," alisema, akiushika mti usimwangukie. "Kisiki kichipue."