Baba Niliyembeba Mgongoni

Enzi zetu pale Mgori, shikamoo haikuangalia umri, iliangalia ukoo. Ndiyo maana mimi, msichana wa darasa la sita, kila asubuhi nilimpigia magoti Ntandu wa darasa la kwanza. Alikuwa kitinda mimba wa bibi, mdogo wake baba yangu, kwa hiyo baba mdogo. Nilikuwa nimembeba mgongoni na kumfuta makamasi, na bado nilimwamkia. Bibi alisema, "Baba ni baba, hata akiwa kwenye mbeleko." Naye Ntandu aliitikia kwa sauti nzito aliyoiazima kwa babu, huku ameshikilia kaptula isidondoke.

Balaa lilianza nilipochaguliwa kiranja wa kuwapeleka wachelewaji kwa mwalimu wa zamu. Asubuhi moja nikamwona baba mdogo anakuja bila haraka, analamba sega la asali. Nikimwacha, wenzangu watasema napendelea, na ukiranja nilioupenda kuliko sketi ya sikukuu utaniponyoka. Nikimpeleka, nyumbani kuna bibi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Twende kwa mwalimu ukachapwe."

Shule nzima ilicheka, na mwalimu naye akageukia ukutani. Jioni bibi alinisubiri mlangoni na mwiko. Hakuna ugali wa uwele wala mlenda mpaka nimwombe baba radhi. Ntandu akaniacha nimepiga magoti mpaka alipomeza tonge la mwisho. "Nimekusamehe," akasema. "Usirudie."

Siku hizi binti yangu anasoma sosholojia chuoni. Nilipomsimulia alifurahi sana. "Mama, huo ni mgongano wa majukumu. Ulikuwa na hadhi mbili zinazovutana." Nikamwambia sisi tuliuita kulala njaa. Vijana hawa wana jina la kila kitu, lakini wakiingia ndani wanamrushia mjomba "mambo" macho yakiwa kwenye simu.

Mwaka jana baba yangu mzazi alifariki. Nilirudi nyumbani na mvi zangu, nikijiona yatima mzee. Ntandu alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, macho mekundu. Magoti yangu yanauma sasa, lakini niliyapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kwa sauti ile ile ya babu. Safari hii sauti ilikuwa yake, na hakuna aliyecheka.