Pamba Tuliyoilalia

Ushirika ulipokuwa mnunuzi pekee, bei ya pamba ilitangazwa mara moja tu kwa msimu. Mwaka wa kwanza wa wanunuzi binafsi Bariadi, bei ilipanda kila mnada, na baba akaamini kwamba haiwezi kushuka. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka shambani. Chakula chetu cha mwaka kilitegemea pamba iliyojaza chumba, ambayo sisi watoto tuliilalia.

“Uza hata nusu, tupate mahindi,” mama alimsihi.

“Mayu,” baba alijibu, akimwita ‘mama’ kwa Kisukuma, “atakayeuza leo, kesho watamcheka.”

Mnada uliofuata hatukukuta mzani hata mmoja. Wanunuzi walikuwa wamejaza maghala yao na kuondoka. Baadaye sana, nikijisomea mambo ya masoko, nilielewa kwamba kilele cha bei hujulikana kikishapita. Siku ile nilielewa njaa tu.

Mama alijitwika kapu la pamba, nikamfuata hadi kwa jirani aliyevuna mahindi kidogo. Akaomba wabadilishane. Jirani aliinuka. Alitufungulia mlango wa chumba chake. Pamba ilikuwa imefika darini.

“Na sisi tunailalia, mayu,” alisema.