Mapigo Aliyoyaongeza Lamii

Lamii Bishara alikuwa na ugonjwa wa ukarimu. Kompyuta iliyoingia kibandani mwake, ghorofa ya pili ya jengo la mafundi katikati ya Kairo, haikutoka ilivyoingia. Hata kama ulileta kibodi iliyomwagikiwa chai, yeye aliingia kwenye mipangilio ya mashine akaongeza mapigo ya prosesa, yaani kasi ya ubongo wake, bure, bila kukuambia. Ulifika nyumbani ukakuta mashine imechangamka, ukamwombea dua. Miaka kumi na minne alikula sifa hizo, na mimi nasema alizipenda kupita kiasi.

Bi Feryal alimjia mwezi wa Baona wa kalenda ya Wakopti, joto limepamba moto, bawabu wake akimbebea kompyuta. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, anayeishi kwa kuwapigia chapa wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao.

"Nitafutie mnunuzi wa hii, mhandisi. Mimi na kazi hii basi."

"Uuze? Mashine niliyokutengenezea mwenyewe wakati wa baridi?"

"Mashine haina kosa. Kosa liko hapa." Akajigonga paji la uso. "Naandika mbili, kesho naikuta sita. Tatu naikuta saba. Wanafunzi watatu wamenikimbia. Mama yangu alianza hivihivi, akaishia kutomjua hata baba."

Lamii akacheka kidogo, akamwagizia chai, akamkalisha nje ya kibanda penye feni. Lakini alishaanza kuzipiga hesabu zile namba. Mzee akichanganyikiwa hukosea ovyo. Hizi namba ziliongezeka nne kila mara, na hiyo si tabia ya binadamu, ni ya mashine.

Akatia diski ya kupimia memori, kumbukumbu ya mashine. Haikupita dakika mistari myekundu ya makosa ikajaa kwenye kioo.

Katika mashine ile, prosesa na memori zilifuata mapigo ya saa moja ya ndani, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: akiharakisha mmoja, na mwenzake lazima aharakishe. Prosesa ilimudu. Memori nayo ilimudu mwezi wa Tuba, katikati ya baridi, Lamii alipoijaribu akiwa amevaa koti. Joto lilipoanza kupanda ikashindwa, na memori ikishindwa si lazima isimame. Hujibu tu, hata uongo.

Fikri, fundi wa kibanda cha pili, akachungulia.

"Umeiua wewe, eh? Sema umeme."

"Nyamaza, Fikri."

"Sasa unaogopa nini? Humu ndani nani amewahi kusema kosa ni lake? Sema umeme, kunywa chai yako."

Ni kweli, katika jengo lile umeme ulibebeshwa kila lawama. Lamii akarudisha mapigo yalipokuwa, akapima tena, kioo kikawa safi. Akatoka nje amevaa tabasamu.

"Bi Feryal, habari njema! Ni umeme tu. Ndio ulioichezea mashine, lakini nimeshaitengeneza."

Mama yule akamtazama kwa huruma.

"Umeme wa kwangu haujasumbua mwaka mzima, mwanangu. Usinibembeleze. Na sisi tulikuwa tunamdanganya mama yetu hivihivi, ili asilie."

Aibu ikamshika Lamii, akakosa pa kuweka macho.

"Ni mimi," akasema. "Niliongeza mapigo ya mashine. Nilitaka ikufurahishe. Memori haikuweza. Wewe akili zako ni nzima kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu Tuba."

Bi Feryal akaweka gilasi chini, akahesabu kwa vidole.

"Miezi mitano. Na tangu joto lianze kupanda, kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nataja majina ya wanangu na wajukuu, nione nani ametoroka kichwani. Na nani alikuomba, Lamii? Nani?"

Lamii akamgeukia Fikri. Fikri naye alijifanya anatafuta bisibisi.

Bi Feryal akatoa daftari dogo mkobani, akafungua ukurasa wenye namba za simu za wale wanafunzi watatu.

"Piga. Wote watatu. Hapahapa, nisikie."

Simu ya kwanza iliita sana kabla kijana mmoja hajaipokea. Mafundi wa vibanda jirani walishasogea mlangoni.

"Mimi naitwa Lamii Bishara, fundi wa kompyuta," akasema. "Zile namba kwenye tasnifu yako, Bi Feryal hakukosea. Nilikosea mimi."

Bi Feryal alifumba macho.

"Rudia," akasema. "Sema kwa nguvu."