Wimbo Uliozuia King'ora

Agatha alitoka Ngara akafika Nyakunguru, Tarime, kufuata dhahabu, akaishia kwenye kompyuta. Wenye mgodi mdogo alikopata kibarua waligundua anajua kuchapa, wakamkabidhi ofisi ya mabati, kompyuta kuukuu yenye Linux, na kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kupiga king'ora. Kila siku saa kumi alasiri alibonyeza faili moja, spika za honi juu ya paa zikalia, na akina mama waliookota mawe kwenye kifusi wakaondoka. Muda mfupi baadaye Mogesi, mlipuaji, aliwasha utambi wa baruti chini kabisa ya duara, yaani shimo la mgodi. Huko chini simu haishiki na king'ora hakisikiki, kwa hiyo Mogesi alifuata saa yake ya mkononi tu. Utaratibu wa hovyo, ukiniuliza mimi. Lakini ulikuwa haujaua mtu, na kwa wenye mgodi hiyo ilitosha.

Siku hiyo mchana Nashoni, mlinzi wa lango na mwalimu wa kwaya, aliwaleta waimbaji wake ofisini wakarekodi wimbo mpya. Ulianza kwa ngoma, kisha sauti yake nzito ikaingia. Walipomaliza Agatha alisimamisha programu ya kurekodi, wote wakaenda kula.

Saa kumi ilipofika akabonyeza king'ora. Kimya. Akapandisha sauti, akachomoa waya wa spika na kuuchomeka upya. Kimya kile kile. Halafu maandishi madogo yakatokea kwenye kioo: kifaa cha sauti kinatumiwa na programu nyingine.

"Mwalimu!" alimwita Nashoni. "King'ora kimegoma! Kimbia ukawapigie kelele watoke!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nashoni ni Mkurya, na kwa haraka ile, akiwa amesimama mdomoni mwa duara, alipiga kelele aliyoijua tangu utoto: yowe. Yowe Tarime maana yake ng'ombe wameibwa. Hakuna anayelikimbia, watu hulikimbilia. Agatha, mtu wa kuja, hilo hakuliwaza. Dirishani aliona wanaume wakichomoka kwenye mahindi na mapanga na fimbo. Akina mama walitupa makarai yao. Mbele yao alikuwa Rahabu, aliyepanga naye chumba, na wote walielekea kwenye duara.

"Si huko! Rahabu, rudi!"

Nani angemsikia? Kuizima na kuiwasha kompyuta ile kungekula muda ambao Mogesi asingempa. Akafungua dirisha jeusi la amri, akauliza ni programu gani imeshikilia kifaa cha sauti. Jibu likaja: ile ya kurekodi. Alipoirudia aliikuta imeganda, na wimbo wa kwaya bado haujahifadhiwa. Alijaribu kuuhifadhi, programu haikujibu. Akaapiza, akaandika amri ya kuiua, akabonyeza king'ora tena.

King'ora kikalia. Umati ukasita, kisha ukageuka mbio, Rahabu akiwa na panga la mtu mkononi. Nashoni alibaki nyuma akimsukuma mzee Kisyeri, anayechechemea, mpaka akampitisha nyuma ya kifusi. Yeye mwenyewe hakuwahi; baruti ililipuka akiwa bado karibu na duara.

Hakuna aliyekufa, na wenye mgodi walishukuru Mungu kwa sauti kubwa. Nashoni alitoka damu masikioni. Daktari alisema hatasikia tena.

Aliporudi kazini alikuja moja kwa moja ofisini. Sasa huongea kwa nguvu mno, hajui.

"Dada Agatha, ule wimbo wetu upo?"

Agatha aliona aibu na uchungu kwa pamoja. Angemwambiaje kwamba sauti yake ya mwisho aliyowahi kuisikia vizuri ameifuta yeye? Akaitikia kwa kichwa. Akatafuta wimbo wa kwaya nyingine, akaufungulia kwenye spika ya mezani.

Nashoni akaweka kiganja juu ya spika, akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo, huku Agatha akiomba wimbo uishe haraka. Kisha akaondoa mkono taratibu.

"Huu si wetu," alisema. "Wetu unaanza na ngoma."

Akachukua rungu lake, akarudi langoni.